Bustani ya Mimea ya Asili ni Kazi ya Ushirika

(Mazungumzo kwa wajumbe wa vyama vya msingi, Ifakara)



Mwaka 1964 jarida la kitaalamu liitwalo Acta Tropica, lililokuwa likichapishwa Basel, Uswisi, lilitoa utafiti mrefu wa F. Haerdi juu ya mimea ya dawa iliyotumiwa na wenyeji wa Wilaya ya Ulanga. Enzi hizo Ifakara ilikuwa ndani ya wilaya hiyo. Utafiti huo una kurasa zaidi ya mia mbili, na maarifa yaliyomo yalitoka katika vichwa vya wazee wa bonde hili, waliojua mti upi huchumwa majani, upi huchimbwa mizizi, na upi haufai kuguswa na mtu asiyeufahamu.

Kazi hiyo iliandikwa kwa Kijerumani. Mjukuu wa mzee aliyetoa maarifa yale, akitaka kuyasoma leo, hana budi kujifunza kwanza lugha ya Wajerumani. Akiisha kujifunza na kulipata jina la mti, huenda asipate mahali pa kuuona mti wenyewe, kwa kuwa pale ulipokuwa umesimama pamekwisha kuwa shamba la mpunga au la miwa. Huo ndio mzigo wa mazungumzo haya: maarifa ya bonde yamo kitabuni ng'ambo, na mimea yenyewe inapungua nyumbani. Chombo cha kuvikutanisha viwili hivyo ni bustani ya mimea ya asili, na watu wanaofaa kuibeba kazi hiyo ni wanavijiji waliokwisha kujipanga katika vyama.

Bustani ya mimea ni nini?

Wengi wakisikia neno bustani hukumbuka maua ya mbele ya ofisi. Bustani ya mimea inayozungumzwa hapa ni shamba la kudumu ambamo kila mti umepandwa kwa makusudi, una jina lake, na ina kumbukumbu ya mahali mbegu yake ilikotoka. Ni ghala la vitu vilivyo hai, na kama ghala lolote la ushirika, lina daftari, lina mtunzaji, na lina wenyewe.

Tanzania imekuwa na bustani ya namna hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa viumbe na kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Hapo waliotesha mimea kutoka pembe nyingi za dunia: kahawa, mipira, mikwinini, viungo, na miti ya mbao. Nia yao ilikuwa kujua ni mmea upi wa kigeni ungeweza kuwapa faida makabaila wa mashamba makubwa. Mwenyeji wa Usambara aliitwa kuchimba mashimo na kubeba maji. Hakuitwa kusema mti upi una thamani kwake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kazi ilishikwa na Waingereza, na mwishoni mwa miaka ya 1940 utafiti wa kilimo ukahamishiwa Muguga, Kenya.

Amani ina funzo jingine, nalo linahusu miti yenyewe. Miongoni mwa miti iliyopandwa huko ni mhesi, ambao asili yake ni nchi za magharibi zaidi, hadi Uganda na Kagera. Mti huo hukua haraka, na matunda yake hupendwa na hondohondo, ambao huyala na kuzitawanya mbegu. Msitu wa Usambara ulipokatwa mbao na kubaki na nafasi wazi, mhesi uliingia ndani yake na kuenea mahali pa miti ya wenyewe. Mti wa kigeni ukiletwa bila kuangaliwa, huweza kumfukuza mwenyeji.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kila mti wa kigeni ni adui. Kakao inayowapa riziki wakulima wa Mbingu na vijiji vya jirani asili yake ni Amerika. Msaji, ambao umepandwa kwa wingi katika Kilombero na Ulanga tangu miaka ya 1990, asili yake ni Asia. Mimea hiyo ina kazi yake, tena ina watu wengi wa kuitunza: makampuni, wanunuzi, na maofisa ugani. Mimea isiyo na mtetezi ni ile ya kwao. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa.

Mifano ya jamii iliyoshika kazi

Mwaka 1997 Amani ikawa Hifadhi ya Mazingira Asilia, ya kwanza ya namna hiyo nchini, na bustani ile ya zamani ikawa ndani ya mipaka yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaanza hapo mradi wa ufugaji wa vipepeo, kwa msaada wa Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania. Mfugaji alijenga kizimba cha wavu, akaweka ndani yake vipepeo wa kutaga, akalisha viwavi, kisha akauza pupa kwa maonyesho ya vipepeo ya Ulaya na Marekani.

Jambo la kuzingatiwa katika mradi huo ni hili: kila aina ya kipepeo hutaga juu ya mimea yake maalumu, na viwavi vyake havili mingine. Kwa hiyo mfugaji hakuwa na njia isipokuwa kuijua mimea ya msitu, kuiotesha karibu na nyumba yake, na kuitunza kama anavyotunza mahindi. Mwanamke ambaye jana aliona kichaka, leo aliona malisho. Mmea wa asili ukapata mtetezi kwa sababu umepata kazi, na wafugaji wakajifunza kuuza kwa pamoja.

Lakini mwaka 2016 serikali ilizuia usafirishaji wa wanyama pori hai nje ya nchi, na vipepeo wakaingia katika zuio hilo. Kaya zilizokuwa zikitegemea soko hilo zilijikuta na vizimba na mimea, bila mnunuzi. Wanaushirika hawana haja ya kufafanuliwa zaidi maana ya kutegemea soko moja lililo mbali. Bustani itakayoanzishwa katika bonde hili haina budi kusimama juu ya faida zaidi ya moja, na faida ya kwanza ipatikane hapa hapa.

Mfano mwingine upo Kenya. Katika eneo la Brackenhurst, Limuru, tangu mwaka 2000 mashamba ya mikaratusi na miti mingine ya kigeni yamekuwa yakiondolewa hatua kwa hatua na mahali pake kupandwa miti ya asili ya Afrika Mashariki. Miti ile ilipokua, ndege na vipepeo walirudi wenyewe bila kuitwa. Mfano huo unaonyesha kwamba msitu wa asili waweza kuanzishwa upya na mikono ya watu katika muda ambao mtu mzima aweza kuushuhudia, mradi mbegu zipatikane.

Hali ya Bonde la Kilombero

Mbegu, basi, ndilo jambo lenyewe. Bonde la Kilombero limebahatika kuwa na ghala mbili kubwa za asili. Upande wa kaskazini magharibi imesimama milima ya Udzungwa, ambayo sehemu yake ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1992. Chini yake, kuelekea upande wa iliyokuwa Selous, umebaki msitu wa Magombera, mmoja wa misitu michache ya tambarare iliyosalia katika bonde hili. Umezungukwa na mashamba ya miwa na makazi ya watu. Mwaka 2009 wanasayansi walitangaza kinyonga wa aina mpya, wakampa jina la msitu huo. Mwaka 2019, baada ya miaka mingi ya mashaka juu ya hatima yake, Magombera ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia.

Hifadhi hizo ni jambo jema, lakini zimeleta mashaka ambayo mazungumzo ya kweli hayawezi kuyaruka. Hadi mwaka 2011 wanawake wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Udzungwa waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni kavu. Ruhusa hiyo ilipokoma, jiko halikukoma. Kuni zikatafutwa kwingine: kandokando ya mashamba, kingo za mito, na katika vichaka vya kijiji. Humo ndimo ilimobakia miti ya asili iliyo nje ya hifadhi.

Ndiyo maana bustani ya mimea ya asili iliyozungukwa na kaya zisizo na kuni haitadumu. Hakuna uzio wala sheria ndogo itakayomzuia mama mwenye chungu kisichochemka. Chama kitakachotenga ekari moja ya bustani, hakina budi kutenga pia sehemu ya miti ya kuni inayokua upesi, kama mijohoro, pembeni mwa bustani hiyo. Mjohoro ni mgeni, lakini akiwa kuni atamwokoa mkangazi.

Wavuvi na wavushaji nao wana dai lao. Mtumbwi wa gogo moja, ambao umewavusha watu wa bonde hili tangu kabla ya vivuko na madaraja, huchongwa katika mti mkubwa kama mkangazi au mvule. Gogo la kutosha mtumbwi huchukua miaka mingi kupatikana. Anayetaka wajukuu wake wajue kuchonga, apande sasa.

Kwa nini bustani hai, na kwa nini mikono mingi

Huenda mtu akauliza: je, haitoshi mbegu kuwekwa katika ghala la kitaalamu? Ziko benki za mbegu, na iliyo kubwa kuliko zote kwa mimea ya porini ni ile ya Kew, Uingereza. Huko mbegu hukaushwa na kugandishwa, na nyingi huweza kukaa miaka mingi. Lakini si mbegu zote zivumiliazo kukaushwa. Mbegu za mnwamaji na za mizambarau mwitu ya kandokando ya mito hufa zikikauka. Mbegu za namna hiyo huhifadhiwa kwa njia moja tu, yaani kupandwa mara zinapookotwa, na mtu aliye karibu na mti.

Miti mingine ina tabia ambazo mtunzaji hana budi kuzijua:

Mvule una miti dume na miti jike. Chama kitakachopanda mvule mmoja kitapata kivuli, lakini hakitapata mbegu. Yafaa ipandwe mingi pamoja. Matunda yake huliwa na popo, nao huzisambaza mbegu. Kwa hiyo anayewafukuza popo anaufukuza mvule.

Mkangazi ukipandwa peke yake shamba zima hushambuliwa na kiwavi kinachotoboa chipukizi la juu, na mti ukaota matawi mengi badala ya shina lililonyooka. Dawa yake ni kuuchanganya na miti mingine na kuupa kivuli chepesi utotoni. Mbegu zake zina mabawa, na hupoteza nguvu upesi zisipohifadhiwa vizuri. Yafaa zioteshwe mapema.

Mninga huwavunja moyo wengi. Mche wake huchipua vizuri, kisha kiangazi kikija shina lote hukauka. Mwenye pupa huung'oa akidhani umekufa. Kumbe mzizi u hai chini, unajijenga, na kila msimu wa mvua hutoa shina jipya, hata baada ya miaka kadhaa upate nguvu ya kusimama na kurefuka. Wanaushirika wenye umri mkubwa watauelewa mninga. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na watu wengi wakadhani habari yake imekwisha. Sheria ya mwaka 1982 ilipovirejesha, ilikuta mizizi bado ingali hai vijijini.

Tabia zote hizo zinahitaji mtu wa kuwapo, mwaka hata mwaka. Mtaalamu huja na kuondoka. Mradi huwa na tarehe ya kufungwa. Chama cha msingi kina wanachama ambao mashamba yao yako pale pale na watoto wao watabaki pale pale. Hiyo ndiyo sababu kazi hii inakifaa chama kuliko mradi.

Kazi za chama

Kazi ya kwanza ni daftari la miti mama. Kila chama kiteue watu wawili au watatu wapite katika eneo lake na kuandika miti ya asili iliyobakia: ya aina gani, iko katika shamba la nani, huzaa mwezi gani. Mwenye shamba aombwe asiikate, na alipwe au ashukuriwe kwa mbegu zinazookotwa. Mbegu za ndani ya hifadhi zisichukuliwe bila kibali cha wahusika, yaani Wakala wa Huduma za Misitu kwa misitu ya hifadhi, au Shirika la Hifadhi za Taifa kwa Udzungwa. Ofisi hizo ziombwe pia ushauri wa mbegu na uoteshaji.

Kazi ya pili ni kitalu. Kinahitaji maji ya karibu, udongo wenye rutuba, viriba, na kivuli cha makuti. Kina mama na vijana wapewe nafasi ya mbele katika kitalu na katika mapato yake.

Kazi ya tatu ni kukusanya maarifa. Wazee na waganga wa kienyeji wakaribishwe bustanini, kila mti uandikiwe kibao chenye jina la Kiswahili na majina ya Kindamba, Kipogoro, Kimbunga, Kibena au Kihehe, kadiri yanavyojulikana. Matumizi yaandikwe katika daftari la chama, kwa ridhaa ya mwenye maarifa, na yasitolewe nje bila yeye kujua. Bustani isigeuzwe duka la dawa, wala mgonjwa asizuiwe kwenda hospitali. Kusudi ni kwamba mti na jina lake visipotee pamoja na mzee.

Kazi ya nne ni shule. Kila shule ya jirani ipewe sehemu yake ya bustani, na mtoto apande mti atakaoufuata kwa macho hadi amalizapo masomo.

Kazi ya tano ni ulinzi. Mahali pa bustani pachaguliwe pasipofikiwa na mafuriko ya masika, isipokuwa kwa mimea ya majini. Njia ya kuzuia moto ifyekwe kabla ya kiangazi kukolea. Mbuzi na ng'ombe wazuiwe. Mimea inayotambaa na kuisonga michanga iondolewe, maana mti uliosongwa hukua kwa shida.

Gharama na faida

Mkulima atauliza, na ana haki ya kuuliza: ekari hiyo italipa nini? Kwanza, miche. Wakulima wa kakao wanahitaji miti ya kivuli, na miti mingi ya asili yaweza kufanya kazi hiyo huku ikikua kuwa mbao. Shule, zahanati na makanisa na misikiti huhitaji miche kila msimu wa mvua. Pili, nyuki: mizinga ikiwekwa bustanini, asali hupatikana kabla ya mbao. Tatu, kuni za pembeni zilizokwisha kutajwa. Mapato ya bustani yawe na daftari lake, yasichanganywe na fedha za mazao, na yasomwe mbele ya mkutano mkuu kama hesabu nyingine zote.

Ni kweli kwamba faida hizo ni ndogo mwanzoni, na kwamba mpunga hulipa katika msimu mmoja. Hakuna anayetakiwa kuacha mpunga. Kinachoombwa ni ekari moja kwa chama, katika eneo ambalo pengine leo lina magugu nyuma ya ghala. Mwaka 1995 wanaushirika wa dunia nzima waliongeza katika kanuni zao kanuni ya saba, yaani kuijali jamii. Kanuni hiyo husomwa katika semina nyingi. Ekari moja yatosha kuitekeleza.

Ndugu wanaushirika, wale wazee waliozungumza na mtafiti kabla ya mwaka 1964 wametangulia, lakini watoto wao wengine wangali hai, na baadhi yao ni wanachama wa vyama vilivyowakilishwa hapa. Wanaijua miti michache kuliko baba zao, na wajukuu wanaijua michache zaidi. Kabla mvua za mwaka huu hazijaanza, kila mjumbe akirudi kijijini na amtafute mzee mmoja, watembee pamoja nusu siku, na waandike majina ya miti kumi na mahali ilipo. Orodha hiyo ya miti kumi ndiyo ukurasa wa kwanza wa daftari la bustani, nao utakuwa umeandikwa kwa lugha ambayo mjukuu ataweza kuisoma.